Viatu vya Bwana Ojulong

Dabani,
Busia.
20 Novemba 1966

Kaka yangu mpendwa Maloba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kisumu, na kwamba kikohozi cha vumbi la ghalani kimekuachilia. Sisi hatujambo. Mama ni mzima, mbuzi amezaa pacha, nami bado nasoma, ingawa siku hizi narudia ukurasa mmoja mara nyingi bila kujua umesema nini.

Mama ameniagiza nikuandikie habari za Bwana Ojulong, kwa kuwa yeye mwenyewe anaona haya kuzitamka mbele ya mwanawe. Ni yule Mteso wa stesheni ya reli ya Malaba anayempimia mama magunia ya karanga. Anataka kumwoa. Baba Mdogo Oguttu naye anasema mjane wa kaka yake haendi popote, ni wake kumrithi. Mama amekataa katakata. Sasa wazee wataketi Krismasi, na wewe mtoto wa kwanza unatakiwa uwepo, useme neno lako.

Mimi sijui niombe lipi. Bwana Ojulong ni mpole, na huniletea vitabu ambavyo abiria wamesahau kwenye treni. Lakini akicheka ndani ya nyumba yetu naona vibaya, kama vile amekalia kiti ambacho mwenyewe ametoka nje kidogo tu.

Mwezi uliopita alikuja kujitambulisha kwa Baba Mdogo. Ana buti za kazi tu, zimechakaa, na mama aliogopa atadharauliwa tangu mlangoni. Akanipa viatu vya ngozi vya kahawia, rangi ya ganda la karanga, akaniambia nivikoleze mpaka hata aliyevishona asivijue.

Nilivifuta kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, nikavianika kivulini, maana jua hupasua ngozi. Nikapaka mafuta ya nyonyo, ngozi ikayanywa yote. Kesho yake nikatia polishi ya kahawia nzito, na kwenye ncha na visigino nikaongeza nyeusi, kidogo kidogo, nikizungusha kidole ndani ya tambara. Baada ya brashi vikatoka kama kahawa iliyokaangwa. Nilijivuna, halafu nikataka kulia.

Siku ya kujitambulisha, Baba Mdogo alimpima mgeni kwa macho kuanzia kichwani, akamuuliza kama watu wa reli hulala na filimbi mdomoni. Bwana Ojulong akajibu kwamba huitoa wakati wa kula. Baba Mdogo hakucheka. Macho yake yalikuwa yamefika miguuni.

"Marehemu alikuwa na viatu vya namna hii," akasema, "ila vyake rangi haikukolea hivi. Shemeji, huyu angalau anajua kutunza kitu."

Mama aliinama akamimina chai mpaka ikafurika kikombe.

Jana mama amenirudishia viatu hivyo. Kwenye mikunjo rangi imetoka, na ile kahawia ya zamani inachungulia. Anataka nivipake upya kabla ya Krismasi.

Kaka, nimezunguka sana. Viatu ni vya baba. Ni vile vilivyofungiwa sandukuni siku ya kugawa vitu vyake, wazee wakasema vikungoje wewe. Bwana Ojulong hajui; anadhani mama alivinunua mnadani Tororo. Mama hakuniambia nikufiche, wala hakuniambia nikueleze. Lakini wewe ndiye uliyevipiga brashi kila Jumamosi kwa ajili ya kanisa, na utavijua hata vikiwa vyeusi tii. Naogopa utavijua mbele ya wazee, useme neno kwa hasira, na mama apelekwe kwa Baba Mdogo kwa sababu ya mikono yangu. Tena nikifikiri hivyo naona kama namsaliti baba. Kisha namwona mama akiimba anapochambua karanga, jambo ambalo hajalifanya tangu msiba, na nachanganyikiwa upya.

Viko hapa chini ya meza. Cha kulia nimekwisha kukipaka. Cha kushoto sijakigusa, na sitakigusa mpaka nipate jibu lako, kwa kuwa ni chako.

Mama anakusalimu sana, na anauliza kama unakula vizuri. Pokea salamu zangu pia.

Mimi dada yako,
Felistus Nasirumbi