Kiatu cha Kaka Kwenye Shimo la Kumi na Saba

Hoteli ya Wachezaji,
Chumba 214.
Jumatano, 12 Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti ulilolilalamikia limekuachia angalau upande ngazi bila kushika ukuta. Mumeo naye vipi, bado anakohoa? Mwambie aache ubishi aende hospitali. Mimi mwili ni mzima. Mabega yanauma kidogo, lakini hayo ni maumivu ya kazi, nimeyazoea. Moyo ndio ulionikalisha mezani leo.

Najua Mama ameshakupigia simu kukueleza kwamba nimemfukuza Kaka kazi kwa kiburi cha umaarufu. Sitaki usikie upande mmoja. Ningekupigia, lakini nitalia, na wewe utalia, na hakuna atakayeelewa kitu.

Unakumbuka tulivyoanza. Baba alikata nyasi za uwanja wa gofu miaka yake yote, na Kaka alimfuata nyuma mpaka akajua kuzisoma zile nyasi kama wengine wasomavyo gazeti. Nilipopata nafasi ya kucheza gofu ya kulipwa nje ya nchi, alifunga gereji yake akaja kunibebea fimbo. Miaka sita, Shangazi. Viwanja vya ndege, mvua, jua, zile wiki ninazoondolewa mashindanoni baada ya siku mbili tu na tunarudi bila kusemeshana. Wenzake walimwita Dira. Akisema mpira utapinda kushoto, unapinda kushoto. Mimi mikono ilikuwa yangu, macho yalikuwa yake.

Halafu likaja kombe la miaka mitatu iliyopita, lile ulilolitazama kwenye televisheni ukawaita majirani wote sebuleni. Kwenye shimo la kumi na saba, la pili kutoka mwisho, mpira wangu ulipotelea mitini. Kila mtu alijua nimekwisha. Kaka akatangulia mbio kuutafuta, na nilipofika nikaukuta umekaa juu ya nyasi safi, mbele yake uwazi mpana kama mlango. Mtangazaji akasema nimezaliwa na nyota. Nilishinda kwa pigo moja. Kombe hilo ndilo lililonifungulia mashindano yote makubwa.

Sasa sikia. Jumapili moja mwezi wa tatu tulikuwa kwa Mama. Tumemaliza chakula cha mchana, mashemeji wapo, kila mtu anatoa vichekesho vyake. Kaka akanyanyua mguu, akauweka juu ya kiti.

"Huyu mnamsifu bure," akasema. "Kombe lile lililetwa na kiatu hiki. Mpira ulikuwa umebanwa na mizizi, hata panya asingeutoa. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto, nikausukuma kidooogo."

Watu wakashika mbavu. Mimi pia nilicheka, Shangazi. Nilicheka mpaka nilipomwona anakwepa macho yangu. Hapo nikajua huo haukuwa utani, na hata wewe unajua mpira wa gofu hupigwa pale ulipolala, kuusogeza ni wizi.

Nilimfuata uani alikokwenda kunawa mikono.

"Kaka, niambie ulikuwa unatania."

"Ya nini kuchimbua mambo ya zamani? Mara moja tu ile. Ulikuwa unatetemeka, mdogo wangu. Nilifanya kwa ajili yako."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

Hilo jibu ndilo lililonimaliza. Kumbe alijua. Alijua ningekataa, na akaniacha ninyanyue kombe, nipige picha, niwapungie watu mkono kwa jambo ambalo nisingelifanya.

Anaapa ilikuwa mara hiyo moja. Huenda. Lakini sasa kila mpira niliowahi kuukuta mahali pazuri naushuku. Napiga nguo pasi, najikuta niko mitini kwenye uwanja fulani wa miaka minne iliyopita, najiuliza. Sijui tena lipi nililishinda mimi na lipi alinishindia yeye. Sina pa kwenda kuuliza, maana shahidi pekee ni yeye.

Nilikwenda kwa mwamuzi mkuu, nikamweleza yote. Alivaa miwani, akafungua kitabu cha kanuni, akanisomea taratibu: mashindano yakishafungwa, na mchezaji akawa hakujua, matokeo hayaguswi. "Kwetu wewe ni safi," akaniambia, akanifungulia mlango. Nilisimama kwenye korido yake nikitamani angenifokea.

Basi nikamtafuta yule dada aliyekuwa wa pili. Msimu ule ule alipoteza nafasi yake, akaacha kucheza. Siku hizi anapima watu macho kwenye duka la miwani. Nilikwenda na kombe ndani ya mfuko. Alinikalisha kwenye kiti cha wateja, nami nikasema mpaka nikamaliza. Muda wote alikuwa anafuta miwani ile ile.

"Kwa hiyo umekuja kutua mzigo," akasema. "Miaka mitatu najiambia nilishindwa na aliyenizidi. Nilikuwa nimeshalikubali, nimelala nalo, limekwisha. Sasa hili nilipeleke wapi?"

Nikamsogezea mfuko. Akachungulia ndani.

"Siku ile lilikuwa kombe. Leo ni bati tu."

Akamwita mteja aliyefuata.

Nilipotoka pale nilimwambia Kaka kazi yetu imefika mwisho. Nilimwambia ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu kama Mama anavyosema. Mama naye akaja juu: "Mtu amefunga gereji kwa ajili yako, unamtupa kwa sababu ya mti mmoja?" Tangu siku hiyo hajapokea simu yangu. Nimefanyiwa mimi, na bado msaliti wa nyumba ni mimi. Wewe ungekuwa karibu nadhani ungeniuliza kwanza kabla ya kunihukumu.

Nimalizie na la wiki iliyopita. Nilikuwa mazoezini, akanijia mchezaji mmoja mgeni, huu ndio msimu wake wa kwanza. "Dada, samahani. Kaka yako anaomba kunibebea fimbo. Ni mtu wa kumwamini?"

Nikimharibia, namnyima riziki ndugu yangu wa tumbo moja. Nikimsifia, namfanyia huyu binti kile kile nilichofanyiwa.

"Kusoma nyasi hana mpinzani," nikamwambia. "Ila mpira wako ukiingia vichakani, tangulia wewe."

Akaitikia kwa kichwa. Amemchukua. Jana niliwaona uwanjani. Mpira wa binti ulipotoka nje ya njia alichomoka mbio, Kaka nyuma anahema na mkoba wa fimbo. Kaka alipopita karibu yangu aliinamisha kofia. Sijui kama ilikuwa salamu au alikuwa anajificha. Nami sikumwita.

Tafadhali usitusuluhishe kwanza, Shangazi. Najua utataka. Niache niwe na hasira yangu mpaka iishe yenyewe.

Nisalimie mumeo, wasalimie mabinti zako wote wawili, na yule jirani yako mshonaji anayeniita Sindano mpaka leo. Mungu akutunze, akuzidishie afya, na nyumba yako isikose watu wa kukuambia kweli.

Kesho naanza saa moja na nusu asubuhi, na mbeba fimbo niliyemjua juzi. Niombee. Ushindi usiniombee. Niombee mpira niukute pale pale ulipoangukia.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye kwa moyo wote,

Sindano