Siku Tatu za Selemani

Jumatatu, 5 Mei

Nitaandika kila kitu, hata kinachoniaibisha. Hiyo ndiyo ahadi, na shahidi ni mimi mwenyewe.

Nimerudi kutoka shule saa tisa, viatu vimejaa tope la Msimbazi. Nimeinjika wali, nimempima Babu presha. Imepanda kidogo. Amebisha, kama kawaida yake: "Mashine hiyo ina woga kuliko mgonjwa."

Mwalimu wa historia anataka kila mmoja aandike juu ya mzee wa nyumbani kwake. Wenzangu waliguna. Mimi nilifurahi. Babu alikuwa daktari wa jeshi, kapteni, vita vya Kagera. Wangapi darasani wana babu kama huyo? Tatizo moja: hasimulii. Leo nimemwomba tena. Amenipa ufunguo wa sanduku lake la bati. Nitazame vyeti tu, basi.

Jumanne, 6 Mei

Sikutazama vyeti tu.

Chini kabisa kuna daftari la vitani, jalada la kijani. Majina ya majeruhi, majeraha, saa, dawa. Kwenye ukurasa mmoja nimekuta jina ninalolijua. Selemani. Wa Kilwa. Mume wa Bi Somoe!

Bi Somoe anauza khanga chini ya ngazi za ghorofa letu. Ndoa yake na Selemani ilikuwa na miezi mitano tu alipokuwa mjane. Babu ndiye aliyemwandikia barua ya msiba kutoka vitani. Kwa sababu ya barua ile, baadaye alimtafuta Babu kutoka Kilwa mpaka hapa Kariakoo amshukuru, na Babu akamwombea kwa mwenye nyumba ile nafasi ya chini. Kila Idi sahani ya kwanza ya pilau hupanda kwetu.

Kesho nitamwonyesha. Atafurahi.

Jumatano, 7 Mei

Mimi ni mjinga. Mjinga.

Nilimsomea mbele ya wateja, kwa sauti ile ya mashindano ya kusoma. "Selemani, risasi ya tumbo. Siku ya kwanza, anaongea. Siku ya pili, anaomba maji, asipewe. Siku ya tatu, homa, bado anaomba. Siku ya nne alfajiri, amefariki." Nikainua uso nikitabasamu. Nilitabasamu!

Bi Somoe akasema rudia. Nikarudia. Akavua miwani.

Barua ya Babu ilisema Selemani alikufa papo hapo, siku ile ile aliyopigwa. Hakuteseka.

"Kwa hiyo mimi nilitoka eda kabla ya siku zake," akasema. "Na hitima zote hizi nimesoma siku ambayo mtu yu hai, anaomba maji."

Sisi ni Wakristo, sikuelewa. Mteja mmoja akanivuta pembeni, akanieleza. Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi tangu mumewe afe. Bi Somoe alihesabu kwa tarehe ya barua. Alitoka siku tatu mapema. Hata hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, alikuwa akiisoma kabla ya siku yake.

Alikunja khanga moja moja. Akaondoka bila kunitazama.

Alhamisi, 8 Mei

Hakufungua. Meza imefunikwa turubai. Wauza viatu wa pembeni wananicheka: "Dokta mdogo, umemchoma bibi yetu sindano gani?" Ninawachukia wote.

Nimemwambia Babu. Kwanza alinifokea mimi. Aliniruhusu vyeti tu! Ndipo nikampandishia sauti, mara ya kwanza maishani mwangu. Kwa nini ulidanganya? Akazima redio, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kapteni mzima. Amekimbia.

Ijumaa, 9 Mei

Insha nimeichana. Ilianza na neno shujaa.

Jumamosi, 10 Mei

Amesema. Babu alikuwa anakata bamia, na hakuacha kukata.

Barua zote aliziandika kwa maneno yale yale. Kila familia: papo hapo, hakuteseka. Alidhani anawapa usingizi. Mwenye jeraha la tumbo hapewi maji, yanaweza kumwua, na amri ya kumnyima Selemani aliitoa yeye. "Ningemwandikiaje bibi harusi kwamba nimemnyima mumewe maji mpaka amekufa?"

Na eda? "Mimi mtoto wa misheni, Songea. Nilidhani siku ni siku tu."

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Nusu ya askari wake walikuwa Waislamu. Walilala hema moja, walikula sufuria moja. Hakumwuliza hata mmoja. Daktari anayeuliza kila mtu anaumwa wapi!

Nimemwambia ashuke akamwambie mwenyewe. Akasingizia magoti. Nikamjibu kwamba magoti hayo hayo yanashuka kila Jumapili kwenda kanisani. Hakunipiga. Angeweza.

Jumatatu, 12 Mei

Ameshuka. Mimi nyuma yake.

Bi Somoe alikuwa amefungua. Hakumkaribisha kwenye kigoda. Babu alisema yote akiwa amesimama, hata habari ya maji. Watu walipita na mizigo yao, wakamsukuma, akaendelea kusema.

Bi Somoe akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Sheikh kanijibu jana, Dokta. Asiyejua hana dhambi. Wangu mzigo nimeutua. Wako baki nao."

Nilitaka kumtetea Babu. Nilitaka pia kumpigia Bi Somoe makofi. 

Halafu sauti yake ikabadilika. "Siku tatu mtu anaongea. Alisema nini?"

Babu hajui. Yeye alikuwa hema la upasuaji, malori yanaleta wengine. Aliyekaa na majeruhi wa tumbo ni Koplo Gervas, mhudumu wake. Yuko Songea, mzima.

"Basi usishuke tena na pole," Bi Somoe akasema. "Shuka na jibu."

Jumatano, 14 Mei

Mvua imekatika. Tumempigia Mzee Gervas mchana. Hasikii tena kwenye simu. Mjukuu wake, msichana kama mimi, akasema niandike ujumbe, atamsomea sikioni.

Babu anasema, mimi ninaandika. Alitaka kuanza na habari za kikosi. Nimekataa. Bado nina hasira naye, ila leo nimemshika mkono kwenye ngazi.

Kabla ya kutuma nimemsomea Bi Somoe, polepole. Akaniambia nikae kigodani. Akasema tuma.

Nimetuma hivi:

Shikamoo Mzee. Mimi ni mjukuu wa Kapteni. Mke wa Selemani yuko hapa pembeni yangu, anasubiri. Tafadhali tujibu leo leo, hata kama ni neno moja. Katika zile siku tatu ulizokaa naye Kagera, Selemani alimtaja mkewe?