Kunguni Ndani ya Rangi

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
3 Juni 1974

Mwanangu Sabaha,

Kwanza nisamehe kwa kimya kirefu. Barua yako ya wakati wa masika niliipokea, na kila nilipokaa kuijibu sikuwa na habari njema ya kukupa. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Natumaini wewe, mume wako Uwesu na mama mkwe wako mko salama huko Lindi, na kwamba mimba haikusumbui.

Wapangaji wametoka. Nilipofungua chumba cha uani, ambacho ndicho utakachojifungulia, nilirudi nyuma nikaufunga mlango. Ukuta wa upande wa kitanda una michirizi ya damu ya kunguni, kuanzia sakafuni hadi mkono wa mtu aliyelala unapofika. Waliwaponda kwa kidole gumba kisha wakawaburuta. Mahali pa mto pana duara jeusi la mafuta ya nywele. Pembeni wametema ugoro ukutani na chini mpaka sakafu imekuwa ngumu kama ngozi. Harufu sitaieleza kwa mwanamke mjamzito. Hawa ni watu waliokuwa wakinisalimu kwa adabu kila asubuhi.

Mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mama yake. Hilo halina mjadala. Swali ni hili: nimwite fundi rangi, au nipake mwenyewe? Mafundi wote wamechukuliwa kwa ajili ya Saba Saba. Pale Mnazi Mmoja hata mashina ya miti yamepakwa chokaa. Amebaki mmoja wa Ilala, jina lake Pantaleo. Ni Mnyamwezi, na sisi Wazaramo ni watani wao. Ataruhusiwa kunitukana na kuchukua kilicho changu, nami sitaruhusiwa kukasirika. Kwa upande mwingine, mimi ni mwalimu, nimezoea chaki; sijawahi kushika brashi isipokuwa ya kunyolea.

Nipe maoni yako.

Wako,
Baba

Lindi,
14 Juni 1974

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila miguu yangu imevimba na viatu vyote nimempa wifi yangu. Uwesu anakusalimu sana.

Baba, mwite huyo Pantaleo. Ukianguka kutoka juu ya stuli nani atakuokota? Akikuita mtumwa wake, cheka kidogo tu. Kucheka hakutozwi kodi.

Lakini chokaa haimkandi mzazi. Jana mkwe wangu aliniuliza mbele ya wageni: "Huko kwenu kuna mwanamke gani? Nani atakukanda kwa maji ya moto, baba yako? Atakukanda kwa chaki?" Watu wakacheka, mimi pia nikacheka, halafu nikaenda jikoni nikalia. Amekwisha kununua kitanda. Anasema mtoto wa nyumba hii atazaliwa nyumba hii.

Nataka kuja nyumbani. Nitakuja kama Shangazi Mgeni atakuwepo. Tangu umfukuze siku ya arobaini ya Mama, hujakanyaga kwake Ilala. Alikosa nini? Watani walimwigiza Mama akikohoa, kama wanavyomwigiza marehemu yeyote, na Shangazi akacheka na watu wengine. Basi.

Umekwenda kumwona?

Mwanao,
Sabaha

Kariakoo,
24 Juni 1974

Mwanangu Sabaha,

Barua yako nimeipata. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mimi pia ni mzima. Miguu iinue juu ya mto unapolala.

Nilifuata ushauri wako nikamwita Pantaleo. Alipofika hakubisha hodi. Aliketi kwenye kiti changu, akasema, "Mzaramo! Chai ya bwana wako iko wapi?" Nilimwambia akwangue ukuta kwanza. Akautazama, akavua kofia, akasema, "Nikwangue? Hawa si ukoo wako? Huwezi kumwondoa marehemu ukutani kabla ndugu zake hawajatoa ubani." Majirani waliokuwa uani walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha akaianua kanzu yangu kwenye kamba, akaivaa ili nguo zake zisichafuke.

Hakukwangua hata mahali pa ukubwa wa kiganja. Alipaka rangi juu ya damu, juu ya mafuta, juu ya ugoro. Kunguni waliokuwa hai walitoka katika nyufa, wakatembea juu ya rangi mbichi, wakanasa. Naye akapitisha brashi juu yao. Ukuta ukawa na vivimbe kama zabibu katika mkate, na baadhi ya vivimbe vilikuwa vikitikisika. Sikula chakula cha mchana.

Hayo yote niliyavumilia. Ndipo, akiwa amevaa kanzu yangu, akaanza kukohoa. Alikohoa kikohozi cha marehemu mama yako, kile cha mwisho. Sikuwa nimemtambua: alikuwa miongoni mwa watani wa msibani. Nilimtoa kwa fimbo hadi barabarani.

Sasa ninapaka mwenyewe. Nimekwangua ukuta wote, na nilichokikwangua nimekichoma moto.

Wako,
Baba

Lindi,
2 Julai 1974

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, mtoto anacheza sana.

Umeniandikia karatasi nzima ya kunguni, na neno hata moja la Shangazi hakuna.

Kikohozi kile kiliniuma na mimi siku ile, Baba. Lakini nilicheka, kwa sababu yule mtu alikohoa vilevile kabisa, na kwa kitambo kidogo Mama alikuwa yumo chumbani. Nadhani Shangazi naye alichekea hilo. Ulimfukuza kabla hajasema.

Mwezi huu ukiisha sitaweza tena kusafiri. Mkwe wangu ananiuliza kila asubuhi, na amekwisha kuzungumza na mkunga. Namjibu kwamba nasubiri barua ya baba yangu. Usiniache nijibu hivyo mpaka uchungu unikute hapa.

Mwanao,
Sabaha

Kariakoo,
10 Julai 1974

Mwanangu Sabaha,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi mgongo unaniuma kwa sababu ya kupaka rangi.

Jana nilikwenda Ilala. Shangazi yako hakunikaribisha kiti. Aliniuliza, "Umekuja kuomba au kufundisha?" Nikasema nimekuja kuomba. Akajifunga kanga ya pili, tukafuatana kwa miguu mpaka hapa, yeye mbele, mimi nyuma.

Alipokiona chumba alisema, "Umepaka rangi au umemwaga uji?" Ni kweli. Rangi imechuruzika, unyoya wa brashi umeganda ukutani, na dari sikuifikia. Kazi yangu inanichukiza kama ya yule bwana.

Atakuja kukukanda na kukaa nawe siku zote arobaini. Ana sharti moja. Pantaleo arudi kumaliza chumba, nami nimlipe faini ya kuku kwa kumkasirikia mtani, hapa uani, majirani wakitazama, na aseme yote atakayotaka kusema. "Hata akikohoa?" nilimwuliza. Akajibu, "Hasa akikohoa. Wewe hutaki kumsikia mkeo tena, mimi nataka."

Nilimwambia kwamba jambo hilo zima linanitia kinyaa. Akasema, "Likutie, lakini ukae usikilize."

Nimeshinda leo nikilifikiria, na kila nikilifikiria kinyaa kinanipanda upya. Funga mizigo yako, lakini usikate tiketi bado. Kuku nimemnunua asubuhi sokoni. Amefungwa miguu, yuko chini ya meza hii ninayoandikia, na amekwisha kuichafua sakafu. Usije ukafikiri kwamba kununua kuku ndiko kuamua. Nikishaamua, nitakuandikia siku hiyohiyo.

Wako,
Baba