Kumsomea Baba Vichekesho vya Ndege

Jumapili, Kagugu, Rwanda. Mvua imekatika baada ya chakula cha mchana na mtaa unanukia udongo na saruji mbichi. Moyo wangu mwepesi, jambo ambalo si kawaida yangu.

Nimemaliza kitabu cha tatu cha makala za kuchekesha kuhusu watu wanaotazama ndege. Mimi sijawahi kutazama ndege kwa makusudi. Hata kucheka nacheka kwa shida. Ni mtu wa kupigia mstari penye utani, nikijiuliza una maana gani.

Navisoma kwa ajili ya Baba.

Tangu presha ya macho imwondolee nuru, hajavuka mlango wa mbele. Wageni humkuta sebuleni na redio yake. Nikimwomba tutoke, hunijibu kwa upole: "Nje kuna nini changu, mwanangu?"

Mwanzoni nilimsomea vitabu vya subira na faraja. Alivivumilia kwa muda, kisha akaniambia, "Mahubiri nayapata redioni. Huna kitu kingine?"

Mwenzangu kazini akaniazima hivi. Vimeandikwa kwa Kiingereza, nami namsomea kwa Kiswahili, lugha aliyokua nayo Bukoba na kutulea nayo hapa. Nakiri niliogopa. Kumsomea mtu asiyeona habari za watu wanaotazama, si kumtonesha kidonda?

Lakini Baba alikuwa afisa forodha mpakani, na anawahoji ndege kama abiria. Huyu ametoka wapi? Amebeba nini? Mwandishi ana uhakika gani?

Leo ilikuwa zamu ya bwana mmoja aliyeshinda kichakani asubuhi nzima, magoti kwenye matope, akimnyemelea ndege mweupe wa nadra. Alipomfikia akakuta ni mfuko wa plastiki umenasa kwenye tawi.

"Huyo bwana hakuwa Rwanda," akasema Baba. "Hapa mifuko ya plastiki ni marufuku; huo ningekuwa nimeshaukamata mpakani."

Nilicheka hadi kitabu kikaniponyoka. Naye akacheka, mabega yakitikisika, kile kicheko chake cha zamani nilichodhani kimekwenda na macho.

Nilipokiokota kitabu ndipo nikaliona jambo moja. Karibu watu wote wa makala hizi hukosa. Husafiri mbali, humkosa ndege, humpa jina lisilo lake, hugombana na wenzao, na alfajiri wako palepale tena.

Hakuna anayeona vizuri. Wanakwenda tu.

Ndege mmoja akapita juu ya bati akipiga makelele.

"Nani huyo?" Baba akauliza.

"Kwarara, nadhani."

"Unadhani. Ungekuwa abiria wangu ningekurudisha ulikotoka."

Kisha akapapasa mkono wa kiti. Nikajua kuna neno linakuja, nikajizuia nisilisaidie.

"Hawa ndege asubuhi wanaanza saa ngapi?"

Nikasema sijui, labda kabla ya watu kuamka.

"Basi niamshe. Tukae nje ya geti. Mama yako usimwambie, atanivalisha koti la kanisani."

Nimetoa viti viwili na kuvifuta. Huenda akaghairi, namjua. Hata hivyo moyo unanidunda kama wa mtu mwenye mtihani, na mtihani wenyewe sijausomea: zaidi ya jogoo, simjui ndege kwa sauti.

Haidhuru. Kesho tutakosea wawili.