Marashi Yako Kayapata Mwengine

Dada yangu Zuwena, uliyenitangulia kwa kila kitu, hata kwa hili,

Hakuna mdogo wa mtu katika Maskati nzima aliyemzuru dadake kama nilivyokuzuru mie baridi hii. Kila Ijumaa, kuwe na upepo kusiwe na upepo, nimekuja makaburini na chupa ya marashi, nikakaa na weye, nikakusomea, nikakupa khabari zote za mjini. Sikukosa hata moja. Ukimsikia mtu huko uliko anajisifia nduguye, mwambie anyamaze, wako hana mfano.

Haya, nimesema uongo. Ijumaa moja tumbo lilinishika kwa sababu ya kamba wa kukaanga wa mwanao Rahma, na nyengine nilikwenda Qurayyat kula upepo, sikukumbuka hata jina lako mpaka tunarudi. Na hizo nyengine zote, ambazo wallahi nilikuja, sikuja kwako. Nilikuwa kwa mwanamume.

Wacha nikueleze, maana nna kinyaa mpaka kwenye kucha, na ndege yangu ni kesho. Nisipokueleza weye nimueleze nani?

Unajua kwa nini nakuja huku kila mwaka. Unguja ikiingia kaskazi mtu anaiva kama muhogo, na huku ndio kwanza wana baridi yao. Baridi yao! Upepo kidogo tu, watu wazima wanavaa soksi ndani ya nyumba, na wa kwanza ulikuwa weye na ile sweta ya kijani iliyotoboka kiwikoni. "Usinicheke," ukisema. "Mifupa yangu ishakuwa Mwarabu, mdomo ndio uliobaki Mswahili." Asubuhi tukikaa barazani kwako Azaiba tukiota jua kama mijusi. Unanimenyea chungwa, unanionesha lilivyo zuri, halafu unalila weye. Miaka yote hiyo nikijiambia naupenda mji huu kwa milima yake na bahari yake. Mwaka huu nimeitizama vizuri hiyo milima. Ni mawe. Na bahari hata kwetu ipo.

Nyumba yako sasa anakaa Rahma. Mtoto mwema, Mungu amuweke, lakini kanikinaisha. Ukutani katundika kidude kinachopuliza manukato peke yake, ukipita tu, fyuu! Mara ya kwanza nilidhani mtu kanitemea mate. Nikamwambia, "Mwanangu, mamako alikuwa na chetezo na udi wake."

"Udi unanipa mafua, Mjomba."

Mtoto wa Zuwena, udi unampa mafua! Chai inaletwa na pikipiki, imo ndani ya gilasi ya karatasi, ishapoa, sukari imeganda chini kama tope la mto. Halwa inakuja kwenye kopo la plastiki na kijiko cha plastiki, na ukiitia mdomoni hujui umetafuna kipi. Nikasema nikatembee mjini nisafishe macho. Nikapelekwa Maskati ya kale, nikakuta maua yamenyweshwa, yamekatwa sawasawa, na hamna hata mtu wa kumuamkia. Mji umeoshwa, umepakwa rangi, halafu watu wakaambiwa wasiuchafue kwa kuishi humo. Nilirudi nyumbani na kiu ya kumtukana mtu.

Weye ulikuwa huna haja ya kutafuta wa kumtukana. Unakumbuka siku ile ya Qurayyat, na yule muuza nguru? Ulimfunua samaki shavu, ukamnusa, ukamwambia yule bwana kwa Kiarabu maneno ambayo mpaka umekufa hujanifasiria. Halafu ukanigeukia mie kwa Kiswahili: "Huyu samaki kafa kabla ya babu yake."

Yule bwana akakujibu kwa Kiswahili kizuri kuliko chako. "Babu yake yu hai, bibi. Si huyo uliyekuja naye?"

Kumbe kazaliwa Mkunazini, kwetu Unguja! Mkacheka nyinyi wawili mpaka mkashikana mikono, mkaulizana nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, na mie nimesimama juani nimebebeshwa nguru kama mtumwa wenu. Njiani nilinuna. Ukaniambia, "Babu, teremsha kioo, unanuka samaki." Na jina la Babu likanibakia baridi ile yote.

Sasa sikiliza kinyaa chenyewe.

Ulipofariki kiangazi kilichopita, mie niko Unguja, sikuwahi kuzika. Kwa hiyo nilipofika mwaka huu, kabla sijafungua hata sanduku, nilimwambia mwanao Khalfan, "Nipeleke kwa mamako." Khalfan sasa mkurugenzi, ana tumbo na simu mbili. Akanipeleka, haki yake nampa. Lakini hakushuka garini. Simu iko sikioni, akateremsha kioo, akanyoosha kidole: "Lile pale, Mjomba. La tatu kutoka ukutani." Kisha akageukia simu yake, na'am, na'am, aiwa.

Mie makaburi niliyoyazowea mtu ana jina lake. Mamaetu ana jiwe limeandikwa, hata asiyejua kusoma anajua pale pana mtu. Huku ni changarawe na mawe matupu, bila ya herufi. Tajiri na mchunga mbuzi wamelala sare. Ukiwauliza wanakwambia ndiyo heshima yenyewe, mbele ya Mungu hakuna mkubwa. Sawa, nimekubali, lakini mie si Mungu, mie natafuta dada.

Basi nikaufuata ukuta. Moja, mbili, tatu. Nikakaa chini. "Shikamoo, dada." Upepo ukapita, nikahesabu ndiyo marahaba.

Na tangu hapo, Ijumaa kwa Ijumaa, nikawa nakumwagia marashi ya Jabal Akhdhar, yale ya mlimani uliyokuwa ukiyaficha kabatini. Nikakuwekea vijiti vya mrehani. Nikakwambia nani kaoa, nani kaachwa, nani anajifanya Haji na hajafika hata Jidda. Nikakwambia siri ya nyonga yangu, ambayo sijamwambia mtu. Nikamsengenya marehemu mumeo, Mungu amrehemu, alivyokuwa akikoroma mpaka paka akahama nyumba. Siku moja hata nikakuimbia, nikitizama huku na huku.

Ijumaa hii iliyopita akanijia mzee mmoja, kilemba kimekaa upande, bakora mkononi. Akanisimamia kama hakimu.

"Bwana, unamnyunyizia nani marashi?"

"Dada yangu."

Akalitizama kaburi, akanitizama mie. "Dadako?"

"Wa tumbo moja. Kuna ubaya?"

"Ubaya upo. Huyu mwanamume."

"Yakhe, umeamka vibaya leo," nikamwambia.

"Hesabu mawe. Moja kichwani, moja miguuni. Huyo mwanamume. Mwanamke huwekwa matatu, na la katikati. Hujui mambo hayo? Umetoka wapi weye?"

"Unguja."

"Na mie mamangu kazaliwa Vikokotoni, lakini mawe nnayajua." Akakaa juu ya jabali, akaanza kucheka, mabega yanamruka. "Tena huyu nnamfahamu, alikuwa jirani yangu. Akiuza betri za magari. Hakupenda kelele wala manukato."

Dada! Baridi nzima nimemrashia mwanamume mwenzangu. Muuza betri! Nimemuimbia! Mumeo kasengenywa mbele ya mtu asiyemjua, na nyonga yangu sasa wanaijua barazani kwao akhera. Nilitema mate pembeni, nikaitupa ile chupa, nikaifuta mikono kwenye kanzu mpaka nyumbani, Rahma akauliza nimeshika nini. Chai ya karatasi sikuiona tena kuwa ni uchafu. Na ukweli, maskini, yeye hana kosa. Kanisikiliza kwa adabu msimu mzima, na weye hujapata kunisikiliza hata robo ya kisa bila ya kunikata kauli.

Nikampigia Khalfan, nna matusi nimeyapanga mdomoni, makubwa mbele madogo nyuma. "Ukuta upi ulioniambia?"

"Wa upande wa mlima, Mjomba. Kwani weye…"

"La tatu?"

Akasema, "Mjomba, dua inafika popote."

"Dua imefika. Mie ndiye sikufika. Nakuuliza, la tatu?"

Nikasikia anafunga mlango wa ofisi. "Siku ile lilikuwa la mwisho kwenye safu," akasema. "Kisha wakazikwa wengine na wengine. Nilirudi baada ya arubaini, sikulijua. Nikaona haya kuuliza, mtu atauliza vipi kaburi la mamake? Ndiyo maana sikushuka garini."

Yale matusi nikayameza, na yalikuwa na miba. Mkurugenzi mzima, baba wa watoto, ananilia kwenye simu, na mie najiona mchafu kuliko hiyo gilasi ya karatasi, maana nimekaa miezi nikimuona mtoto huyu hana moyo.

Jana alinipitia mwenyewe, kazima simu zote mbili, akashuka. Tukatembea upande wa mlima, mie na bakora, yeye na viatu vyake vya ofisini vinaingia changarawe. Tukamtafuta yule mzee wa kilemba, akatusaidia kwa kusoma upya wa udongo na safu ya kiangazi kile. Yamebaki makaburi mawili, yako ubavu kwa ubavu. Yote mawe matatu. Moja ni weye, moja ni mama wa watu. Zaidi ya hapo hakuna ajuaye, Rahma hakuwapo makaburini siku ya maziko kwa kuwa wanawake hawendi, na waliokuzika wengine hawakumbuki. Khalfan alisimama baina ya mawili yale, akasoma Fatiha, akafuta uso, akasema, "Tuwasomee wote wawili, Mjomba, yaishe." Yeye imemtosha. Nimeona imemtosha, mabega yameshuka.

Mie haijanitosha. Umri huu mtu haagi kwa kukisia. Nyonga yangu hainipi ahadi ya baridi nyengine, na daktari hanipi pia, na nikiondoka kesho huenda nikawa nimeondoka. Sitaki kumuaga mama wa watu halafu nikuache weye unasikiliza pembeni, unakasirika. Nakujua unavyokasirika.

Sasa, dada, mie nnakudai, na unajua. Choo chetu kilikuwa mwisho wa ua, nyuma ya kisima, na ikifika maghribi ulikuwa hwendi peke yako kwa kuogopa mashetani. Mkubwa weye, mwoga weye. Mie ndiye nikisimama nje ya pazia la gunia kukulinda. "Upo?" ukiuliza. "Nipo." "Sikuamini, kohoa." Nakohoa. "Kohoa tena." Nakohoa tena. Nimekohoa maghribi ngapi hizo, mpaka mama akadhani nna kifua, akaninywesha shubiri, na weye umekaa pale unaniangalia nnavyokunja uso, hukusema neno. Sikukusema na mie.

Asubuhi, kabla ya uwanja wa ndege, Khalfan atanipitisha. Nitasimama baina ya yale mawili, nitafunga macho, sitaimba. Nataka kitu kidogo tu.

Kohoa, dada. Mara moja.

Mdogo wako wa tumbo moja