Pumzi Mwishoni mwa King'ora

Mama,

Wameiondoa pumzi yako.

Niligundua Jumatatu, nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa pale Donholm. Redio ilikuwa ikipiga toleo jipya la "Geti la Saa Moja", lile walilolitengeneza upya kuadhimisha miaka mingi ya wimbo huo. King'ora kikapanda kama kawaida, kikafika juu, na pale kinapokatika, pale ambapo maisha yangu yote nimesikia hewa ndogo ikivutwa kwa haraka, hapakuwa na kitu. Wamesafisha. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akamwambia mwenye duka, "Hii ngoma haizeeki. Unajua hicho king'ora walienda kurekodi huko Industrial Area?" Mwenye duka akasema anajua. Kila mtu anajua. Nikatoka bila dawa.

Acha niandike ulivyonisimulia, maana nisipoandika nitaanza kuamini hadithi ya Bati, mwenye wimbo.

Ilikuwa Jumapili mchana na ulikuwa bado umevaa joho la kwaya. Siku hizo ulikaa Mukuru kwa Njenga, ukitembea kwa miguu kila asubuhi hadi kiwanda cha nyuzi. Bati alikuwa jirani yako wa mlango wa tatu, kijana mwembamba asiyeachana na daftari lake la mistari. Rafiki yake mmoja wa Donholm alikuwa na kompyuta na maikrofoni moja, na studio yao ilikuwa kabati la nguo lililofunikwa mablanketi ndani. Wimbo walikuwa nao tayari, wimbo wa watu wanaokimbilia geti la kiwanda kabla halijafungwa. King'ora ndicho kilichowashinda. Mara mbili walikuwa wamesimama kando ya ukuta wa kiwanda wakiwa na kinasa sauti, mara mbili wakarudi na milio ya malori na mbwa. Wewe ulipita tu kumletea mama wa nyumba ile kitabu cha nyimbo. Ukawakuta wanabishana, ukacheka.

"Hicho tu? Mimi hukisikia hata kwa ndoto. Sogeeni."

Ukaingia kabatini na joho lako na mimba ya miezi saba, yaani mimi. Ulisema mle ndani mlinuka dawa ya mende. Ukaanza chini kabisa, mahali ambapo sauti ni mngurumo tu, ukapanda polepole, ukapanda, hadi kule juu ambako katika kwaya nzima ni wewe peke yako uliyefika. Nami nikakupiga teke. Pumzi ikakatika. Ulitaka kurudia, lakini Bati alikuwa anarukaruka sebuleni. "Wacha hivyo hivyo, sista! Iko fiti!"

Basi kabla mtu hajatamka mstari hata mmoja, sauti ya kwanza ni yako. Wameipiga kwenye harusi, kwenye mechi, kwenye mikutano ya kampeni. Chuoni nilimsikia mhadhiri akieleza jinsi vijana wa Eastlands "walivyoifanya mashine iimbe". Niliyanakili maneno hayo kwenye daftari langu. Sikuinua mkono.

Bati alipoanza kusema redioni kwamba walikinasa kiwandani, nilikuwa darasa la nne na wewe ulikuwa unachambua mchele. Vidole vikasimama kidogo, vikaendelea. "Wacha aseme. Kwaya wakijua ni mimi, watanitoa sauti ya kwanza." Mkafaana hivyo. Yeye akapata hadithi, wewe ukabaki na joho. Mpaka leo nikikumbuka jinsi ulivyolipiga pasi lile joho, nakasirika.

Lakini wodini, mwezi wako wa mwisho, wimbo ulipita kwenye redio ndogo ya muuguzi, nawe ukanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua kama bado unazo. "Ukiandika wasifu wangu, weka hiyo." Nikasema nitaweka.

Sikuweka, mama.

Niliandika aya nzima, naapa. Anti Nekesa akaisoma pale mezani kwetu Komarock, watu wa matanga wakiwa nje chini ya tenti. "Hii ya rap toa, mami. Mchungaji ndiye atasoma. Unataka dada yangu azikwe kama msanii wa mtaani?" Akaniwekea kalamu mkononi. Na mimi, msomi wako, mimi ninayesahihisha maandishi ya wengine kazini, nikaikata kwa mkono wangu. Kijitabu kikatoka: alizaliwa, alisoma, aliokoka, aliimba kwaya.

Bati akaja mazishini. Amenenepa siku hizi. Wanakwaya walipanga foleni kupiga picha naye, wale wale uliokuwa ukiwaogopa. Akapewa maikrofoni, akasimama kando ya jeneza lako. "Huyu mama alikuwa jirani yetu. Ndiye shabiki wetu nambari wani." Watu wakapiga makofi. Shabiki! Nilikuwa nimekaa mbele, kijitabu mapajani, nikitafuta pa kuanzia. Ningesema nini? Maandishi yangu mwenyewe yalikuwa upande wake.

Jana nilimpigia simu. Sikutukana. Nilimuuliza kama anakumbuka kabati. Akasema, tena kwa upole, "Sista, mimi siku ya mazishi nilingoja. Nilijua mtasema. Nikasoma wasifu, hakuna. Nikaona basi, familia imeamua. Saa hii nikisema, si nitaonekana nimedanganya miaka yote?" Nikamwambia, "Umedanganya miaka yote." Akakata.

Ningependa kumchukia vizuri. Lakini kila nikianza, chuki inanirudisha kwenye ile meza ya Komarock, kwenye ile kalamu.

Jumamosi ni ibada ya kumbukumbu yako, mwaka mmoja tangu utuache. Mchungaji atakuwepo, kwaya itakuwepo, Anti ameshaagiza tenti. Nimechapisha wasifu upya, nakala moja kwa kila kiti. Kabati limo. Joho limo. Teke limo. Wataniuliza ushahidi, na sina. Yule rafiki mwenye kompyuta alikutangulia kaburini, na pumzi ndiyo hiyo wameifuta; hata kwenye toleo la zamani haitaji jina lako. Nina koo tu, ambalo ulisema nimelichukua kwako. Nimekuwa nikijaribu bafuni, bomba likiwa wazi. Bado sijafika juu kabisa. Jirani amegonga ukuta mara mbili.

Pumzika, mama, na unisamehe ukiweza. Jumamosi nitasimama mbele yao wote. Nitaanza chini kabisa kama wewe, nitapanda, na pale ulipokatika nitakatika, kwa sauti, hadi nyuma ya tenti wasikie kwamba ni mtu.

Ni mimi, niliyekuwa nawe kabatini.