Mdhamini wa Masama

Jumatatu, 3 Machi

Chai ya rangi, kiporo cha ugali. Mlima umejifunika tangu alfajiri. Nimesoma kurasa kumi, macho yakagoma.

Binti yangu Anastazia amerudi kutoka benki, uso umemshuka. Akina mama wa maziwa wa Masama wanataka mwanangu awafungie umeme wa jua kwenye kituo chao, maziwa yapozwe, yasichachuke kabla gari halijafika. Ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Wao watamlipa kidogo kidogo kila mwezi. Yeye paneli na betri lazima avinunue sasa. Benki imetaka hati ya nyumba. Nyumba yangu haina hati. Ina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa. Kijana wa benki ameitazama, akamrudishia kwa vidole viwili.

Miaka arobaini na miwili tangu nitoke Kasulu, Kigoma. Ardhi yangu yote ni karatasi ile.

Alhamisi, 6 Machi

Tumekaa mezani, tumepitia njia moja moja. Saccos: amejiunga juzijuzi, mkopo anaoruhusiwa hautoshi hata betri. Vikoba: zamu yake ni baada ya masika. Wale wakopeshaji wa riba kali, kausha damu, wanatoa siku hiyohiyo, na karatasi ya mauziano inawatosha. Wanaridhika upesi mno. Nimesema hapana. Amenuna.

Imebaki mali kauli. Muuzaji wa vifaa hapa mjini atampa mzigo, alipe kadiri akina mama wanavyolipa, ila anataka mdhamini anayemfahamu. Kule Masama muuzaji anamfahamu mmoja tu, Mzee Elirehema. Kituo cha maziwa kimejengwa kwenye kihamba chake, shamba la migomba na kahawa aliloachiwa na baba yake.

Jumamosi, 8 Machi

Elirehema amesaini. Anastazia anasema hakuulizwa kabila wala ukoo. Aliulizwa kama anaweza kupanda paa.

"Nawashinda mafundi wangu, baba."

Mzee akacheka, akachukua kalamu. Leo kitabu hakisomeki. Furaha.

Jumanne, 11 Machi

Mambo yameharibika.

Paa la kituo lina kivuli cha miti, kwa hiyo paneli zilitakiwa zikae juu ya nguzo nje. Anastazia alichagua mahali penye jua zuri, pembeni ya migomba. Palikuwa na masale matatu, mimea ya majani marefu. Akayang'oa. Akachimba shimo.

Aliona majani ya pambo. Mtu wa mlimani angeona mpaka. Yale matatu yalipandwa mbele ya wazee kumaliza ugomvi wa Elirehema na mdogo wake, watu waliokaa miaka bila kusalimiana. Mzee alirudi na majani ya ng'ombe kichwani, akakuta shimo. Alimpigia muuzaji, akaondoa udhamini. Muuzaji anataka mzigo wake wote Jumatano ijayo. Akiurudisha, kazi imekufa, na jina lake mjini limekufa.

Kosa ni langu. Mwanangu amezaliwa kwenye nyumba za kiwanda cha sukari, nyumba za namba, mstari baada ya mstari. Hatukuwa na mpaka wa kupanda. Mimi masale niliyajua. Sikumfundisha. Nilidhani tutarudi Kasulu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefungua sanduku. Karatasi ya mauziano haimo.

Nimekaa kitandani. Nikaogopa, nikakasirika, nikaogopa tena.

Saa kumi amerudi, ameiweka mezani kabla sijauliza. Alifika mpaka kwenye foleni ya kausha damu. Mbele yake alikuwepo mama mmoja ameshika kadi ya pikipiki ya mwanawe, analia. Anastazia akageuza. Sikumgombeza. Nilimpakulia chakula.

Kisha nikaenda kwa Mama Ndeshi, jirani yetu muuza ndizi, Mchagga wa Mwika. Nikamweleza yote. Nilitaka aniuzie isale, jani la Wachagga la kuombea msamaha, niende Masama kuomba radhi. Amenicheka.

"Isale haliuzwi, mzee. Nitakupa. Lakini usilibebe wewe, alibebe aliyekosa. Na avae sketi, aiache hiyo suruali ya kupandia mapaa."

Amelipiga jani fundo. Nimelilaza kwenye beseni la maji, kama mgonjwa.

Jumapili, 16 Machi

Tumepanda Masama baada ya misa. Elirehema naye alikuwa ametoka ibadani, bado na koti lake. Anastazia akasema shikamoo, akapiga goti, akanyoosha isale kwa mikono miwili. Mimi nilisimama nyuma. Kuku akapita katikati yetu, hakuna aliyemfukuza.

Mzee alilitazama jani. Kisha akanitazama mimi.

"Nani amewafundisha hili, ninyi watu wa Kigoma?"

"Jirani. Nimechelewa kujifunza."

"Una miaka mingapi huku?"

"Arobaini na miwili."

"Basi umechelewa kweli, meku."

Meku ni mzee, kwa Kichagga. Akalipokea. Isale huwa halikataliwi, lakini nilikuwa sijalala kwa kuwaza kwamba huenda sisi tungekataliwa.

Akamwita mdogo wake. Ndugu wawili wakasimama, kila mmoja upande wake, wakaelekezana kwa vidole. Anastazia akafukia shimo, akapanda masale matatu pale walipomwonyesha. Sketi ya misa ikajaa udongo. Nguzo imesogea hatua sita ndani ya kihamba, na hapo jua linachelewa asubuhi. Mwanangu akapima kivuli, akasema ukweli: itahitajika paneli moja zaidi.

Nilifumba macho. Mzee akatoa simu.

"Huyu binti bado nimemdhamini. Mwongezee paneli moja."

Alhamisi, 27 Machi

Mvua tangu usiku. Haina haraka.

Maziwa ya jana jioni yameamka mazima. Anastazia amenieleza hivyo akivua viatu, kama habari ya kawaida. Akina mama wametoa malipo ya kwanza, ameyapeleka kwa muuzaji.

Elirehema amempa mkungu wa ndizi za mtori aniletee, na miche miwili ya masale ndani ya jani la mgomba.

Nyumba yangu inapakana na kuta za watu pande tatu. Upande wa nne ni njia. Hapo nimepanda mche mmoja. Nimelowa. Mama Ndeshi amepita na mwavuli, ametazama, amesema nimeupanda kwa kina kinachofaa.

Wa pili uko kwenye ndoo. Huo ni wa Veronika, marehemu mke wangu. Kaburi lake lina namba tu. Mvua ikipumzika nitaupeleka.